Upo fildi kwenye kampuni changa, unapokea simu tu

Mdogo wangu, nimekuelewa: ulienda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya chuo, Kijitonyama, Dar es Salaam, ukitarajia kuandika programu, wao wamekukalisha kwenye simu za wateja, na logibuku, daftari la kuandika kazi ulizofanya fildi, iko tupu.

Usizidharau hizo simu. Andika kila lalamiko: mteja alikuwa anafanya nini, anatumia simu gani, ujumbe gani ulitokea. Baada ya muda utaona tatizo linajirudia, mfano pesa imekatwa lakini oda haionekani. Hilo mpelekee mkuu wa programu: "Kaka, naomba nijaribu hili, utanikagua." Kwenye timu ya watu wachache hakuna mwenye nafasi ya kukutafutia kazi, ukienda na tatizo lenye maelezo kamili, mara nyingi wanakuachia. Logibuku nayo inajaa hapohapo. Isainiwe kila Ijumaa.

Posho nisingeigombania. Nauli omba, kwa maandishi.

Ila wakitaka usajili laini au lipa namba ya kampuni kwa NIDA yako (kitambulisho cha taifa), kataa kabisa. Likitokea la kutokea, anayetafutwa ni wewe. Wakikung'ang'aniza, mwone mratibu wa mafunzo kwa vitendo chuoni kwako mapema, kabla msimamizi wa chuo hajaja kukukagua, maana kukuhamisha mwishoni mwa fildi ni kazi.