Swali la lugha: Kupima vinasaba au kupima jeni za uvimbe?

Muuguzi mmoja wa Arua, Uganda, ameuliza: "Wodini kwetu tunaelewana kwa Kiswahili na wagonjwa wengi wanaotoka Kongo na Sudan Kusini, na mimi ndiye ninayewatafsiria madaktari. Juzi aliletwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya. Daktari akasema kikatwe kipande, kisha zipimwe jeni. Nikamwambia baba yake: 'Watamkata kinyama, halafu watampima vinasaba.' Baba akasimama, akasema mtoto ni wake na hakuna wa kumpima. Tulimbembeleza hadi jioni. Je, nilikosea maneno?"

Dada, maneno yako ni ya Kiswahili halali na wataalamu wanayatumia. Ila kwa mzazi aliyekaa kitandani pa mwanawe hayakufaa, na nitaanza na vinasaba, maana ndilo lililomsimamisha.

Vinasaba limetokana na nasaba, yaani ukoo, asili ya mtu kwa kuzaliwa. Kwa hiyo anayelisikia, hata kama hajasoma biolojia, analisikia swali la nani kamzaa nani. Tanzania watu wamelizoea kupitia vipimo vya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwenye kesi za jinai na za mababa wanaokana watoto. Hapa Uganda ikitajwa DNA redioni, mara nyingi kuna mwanamume anayetilia shaka watoto wa nyumbani mwake. Baba yule alikuelewa vizuri sana. Alielewa lile neno linavyoeleweka mtaani.

Na kinachotafutwa kwenye uvimbe wa namna ile hakihusiani na ukoo. Mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua haraka, katika nchi yenye malaria nyingi kama yetu, daktari humshuku limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alianza kuwafuatilia watoto wenye uvimbe huo, na mwaka 1958 akauandikia makala. Ni saratani ya seli B, aina ya seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Ndani ya seli hizo, mara nyingi kipande cha kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 8 hukatika na kubadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 14. Jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli ikue na kugawanyika, hujikuta imehamia jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli B huwa zimewashwa wakati wote. Nayo inabaki imewashwa. Mkatiko huo hakuuleta baba wala mama. Ulitokea baada ya mimba kutungwa, kwenye seli moja iliyozaa nyingine, na ukipima seli za kawaida za mtoto huyohuyo hutaukuta.

Kwa hiyo ninachoshauri ni kutumia jeni, na zaidi ya hapo kumtaja mwenye jeni. Kirai "jeni za uvimbe" kinafanya kazi kubwa kuliko "jeni" peke yake. Ulisema "watampima vinasaba", na kile kiambishi -m- kikamweka mtoto mezani. Sema: "Watapima jeni za uvimbe, wajue ni uvimbe wa aina gani, ili wachague dawa. Hawapimi damu ya ukoo." Sentensi hiyo ya mwisho usiione aibu kuitamka. Hofu ya baba ipo hata akinyamaza.

Sasa kinyama. Tunapoandika, kinyama ni kipande kidogo cha nyama, na hospitali nyingi husema "kukata kinyama". Lakini kinyama pia ni kielezi: kutendewa kinyama ni kutendewa ukatili. "Watamkata kinyama" ina maana mbili kamili, na moja kati yake inatisha. Isitoshe, nomino na kielezi vinatamkwa sawasawa, hivyo sauti haimsaidii msikilizaji. Badala yake sema: "watakata kipande kidogo cha uvimbe". Tishu nalo ni neno zuri kwenye fomu na maabara, huko kipande kinakohifadhiwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kisioze, kikakatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi. Huko wanapatholojia, wataalamu wa kuchunguza tishu, hutafuta sura wanayoiita anga lenye nyota: seli za saratani zimebanana, nyeusi za buluu, na katikati yake madoa meupe ya seli zinazokula seli zilizokufa. Mzazi hahitaji kubebeshwa hayo yote.

Jina la ugonjwa lenyewe nalo liangaliwe. Usiseme "saratani ya taya", kwa sababu taya ni mahali tu ilipojitokeza. Mtoto mwingine wa wodini anaweza kuwa nayo tumboni. "Saratani ya tezi" nayo inawapeleka wanaume moja kwa moja kwenye tezi dume. Mimi ningesema limfoma, kisha nieleze: saratani ya seli nyeupe za damu zinazolinda mwili.

Jambo moja hukuliuliza, ila najua utakutana nalo: daktari akisema limfoma ni "kali". Kwa mzazi, ugonjwa mkali ni ule usio na dawa. Daktari anazungumzia kasi, kwamba seli zinagawanyika mbiombio, na Burkitt inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini seli zinazogawanyika haraka hivyo ndizo dawa huzipata kirahisi. Burkitt mwenyewe, miaka ya 1960 mwanzoni, aliona watoto wa Kampala uvimbe ukinywea kwa dawa ya saratani iitwayo siklofosfamidi. Kwa hiyo usitafsiri "saratani kali". Sema "inakua haraka", umalizie na "ndiyo maana dawa nazo zinatakiwa zianze haraka."