Jumamosi yetu Dodoma: jibu kwa dada anayehamia kutoka Nairobi

Dada uliyeuliza jana kwamba mumeo amepata kazi Dodoma, ukataka kujua wikendi huku watu hufanya nini "au ni kukaa ndani kuangaliana", ngoja nikujibu kwa kirefu, kwa sababu nami nilikuja na swali hilohilo. Mimi ni wa Mombasa, mume wangu ni wa Nakuru, na huu ni mwaka wetu wa tatu hapa. Yeye yuko kwenye mradi wa ujenzi, mimi nafanya kazi nyumbani kwa kompyuta. Hatuna ndugu mji huu. Nakusimulia Jumamosi iliyopita, haikuwa na jipya lolote, na ndiyo maana naichagua.

Kwanza ile orodha ya Nairobi ya kufanya mambo saba kabla ya saa sita, iache mpakani Namanga. Sisi tunaweka mambo matatu. Si kwa sababu ya foleni. Ni jua, halafu ni salamu. Mwezi huu wa tisa upepo wa Dodoma unavuma kama una kisa na mtu, na mvua hatujaiona tangu masika yalipokwisha. Huku msimu ni mmoja tu, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Nikifuta meza saa moja asubuhi, saa tatu naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Kwa hiyo nguo zilifuliwa mapema, zikaanikwa mapema, zikaanuliwa kabla upepo haujazigeuza rangi ya udongo.

Maji mtaani kwetu huja kwa zamu. Ukipelekwa kuona nyumba, usihangaike kwanza na tailizi za sebuleni. Uliza simtanki ni la lita ngapi, na maji yaliingia lini mara ya mwisho. Sisi tuliona tailizi. Tanki likawa la lita 500, tukaoga kwa kopo wiki nzima, na mwenye nyumba alikuwa ameshachukua kodi ya miezi sita. Ndiyo, miezi sita mkupuo, wengine hutaka mwaka. Mambo ya kulipa mwezi kwa mwezi kama Nairobi huku si kawaida, jipangeni. Maji yenyewe yana chumvi kidogo, birika litaota ukoko mweupe hata ulisugue vipi. Ya kunywa tunanunua.

Shughuli ya kwanza ilikuwa sokoni Majengo. Hapa ndipo nataka ukae kidogo.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini Kiswahili chake ni cha stendi ya Nakuru. Miezi ya kwanza alikuwa akifika mbele ya meza ya nyanya anasema, "Nipatie za elfu mbili." Akatazamwa. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza, alihudumiwa tu wa mwisho. Mimi nilifika nyuma yake, nikasema habari za asubuhi, poleni na kazi, mama naomba nyanya, nikapewa na ya nyongeza juu. Siku hiyo akaelewa kwamba huku neno "naomba" halikushushi hadhi. Hata konda wa daladala huambiwa "naomba unishushe hapo mbele". Na mtu aliyekuzidi umri ni shikamoo, usipime kama anakufaa au hakufai. Bibi mmoja pale getini nikimwambia "Mbukwa" ya Kigogo ndio kabisa, hunishika mkono asiuachie.

Basi Jumamosi hiyo akaomba kwa adabu zote: "Mama, shikamoo. Naomba ndengu kilo mbili." Mama akachota kutoka kwenye gunia, akaweka kwenye mizani. Mume wangu akachungulia.

"Hizi siyo ndengu, mama."

"Hizi ndizo dengu, baba. Mimi nauza dengu tangu huyu hajazaliwa," akamwonyesha kijana wa meza ya pili, naye ana ndevu.

"Ndengu ni zile ndogo, za kijani."

"Za kijani ni choroko."

Kijana akaingilia kuthibitisha kwamba ni choroko. Mpita njia naye akasimama, akathibitisha. Mimi, badala ya kumwokoa mume wangu, nikasema kwetu Mombasa hizo tunaziita pojo. Yule mama akaweka chini kopo lake la kuchotea, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kumbe nyie hata nyumbani kwenu hamuelewani." Soko likacheka. Tuliondoka na choroko kilo mbili na hizo dengu nusu kilo, kwa sababu baada ya kesi nzima ile ingekuwa aibu kuziacha.

Ongezea haya kwenye kamusi yako: dania ni giligilani, githeri ni makande. Mafuta ya kula nunua ya alizeti, huku na Singida ndiko kwake. Mfuko wa kubebea nenda nao, ile ya plastiki huku ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kama kwenu, kwa hiyo hilo hutashangaa. Pesa za sokoni ziwe mkononi. Laini ya simu utasajili kwa pasipoti na alama za vidole, halafu utatoa na kuweka kwa wakala kama kwenu. Kichwani, shilingi mia ya Kenya ihesabu kama elfu mbili hivi ya hapa, utaacha kushtuka kila ukisikia "elfu kumi".

La pili lilikuwa umeme: LUKU, unanunua kwa simu na kuingiza tarakimu 20, sawa na tokeni za kwetu. Dakika tano. Kuanzia saa sita hadi saa kumi tulilala, na wala sioni haya.

Jioni ndiyo starehe yetu, na imeangukia Jumamosi hasa kwa sababu ya mnada wa Msalato. Ni nje kidogo ya mji, barabara ya Arusha. Mifugo inauzwa, mitumba, masufuria, kamba, dawa za miti, na katikati ya yote moshi wa nyama. Unachagua kipande mwenyewe, kinapimwa, kinaenda motoni, nawe unakaa kwenye benchi na chumvi na pilipili yako. Mume wangu, ambaye kwao nyama choma ni karibu dini, alikula mbuzi wa pale akanyamaza. Baadaye akasema tu, "Hawa wanajua." Kwa mtu wa Nakuru hicho ni kiapo.

Kurudi tulinunua zabibu kwa kijana wa barabarani. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na sasa ni mvuno wa pili, bei iko chini. Zinapakwa vumbi njiani, zioshe mara tatu.

Dereva wa bajaji aliyetupakia alituuliza, "Mnaenda Kikuyu?" Mwaka wa kwanza swali hilo lilimchanganya mume wangu hadi akajibu, "Ndiyo, mimi ni Mkikuyu, ulijuaje?" Akapelekwa Kikuyu, mtaa wa Dodoma usiomhusu kabisa, wakati sisi tunakaa Kisasa. Siku hizi hujibu, "Hapana kaka, Kisasa," kwa sauti ya mtu aliyewahi kulipa nauli mara mbili.

Nikiwa mkweli, bahari naikumbuka, na sinema za mji mkubwa hakuna ya kujivunia. Tukizidiwa tunapanda treni ya SGR, ambayo imefika hapa tangu 2024, tunakwenda Dar kulowesha miguu na kurudi. Lakini hiyo ni mara moja kwa miezi mitatu hivi.

Usiku ule tukala choroko na chapati. Saa nane usiku nikasikia maji yanaingia kwenye tanki, mume wangu akanyanyuka bila kuambiwa kwenda kujaza na ndoo.

Sasa niambie, kazi ya mumeo iko upande gani? Kama ni Mtumba, kwenye mji wa serikali, tafuteni nyumba mitaa ya upande huo, Ihumwa au Nzuguni, kabla hamjadanganywa na picha za Area D. Na kabla ya kulipa chochote niandikie, nitakwenda kulitazama hilo tanki mwenyewe.