Seli mbili zikiungana, viini vyake vinaenda wapi?

Swali: Shikamoo dokta. Nipo fom siksi hapa Tanga, nachukua PCB. Darasani tumesoma seli zinagawanyika, sasa kaka yangu anasema zipo zinazoungana mbili zikawa moja, na ati ndo zinatumika kutengenezea vipimo vya mimba. Kweli au ananipiga kamba? Na vile viini viwili vinaenda wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, ila mie sio dokta, ni mtu wa maabara tu. Kaka yako yuko sawa.

Ushaona mafuta ya nazi yakielea kwenye maji, vitone viwili vikigusana tu vishakuwa kimoja? Seli haiko hivyo, japo utando wake nao ni wa mafuta, sababu uso wake wa nje unapenda maji, kwa hiyo kati ya seli na seli kuna maji yameng'ang'ania hapo hayataki kutoka, ndo maana seli za damu zinagongana siku nzima na wala haziungani. Mpaka ije protini ya kuzivuta, maji yapishe, tando zishikane. Mbegu ya kiume inayo yake inaitwa Izumo, jina la hekalu la ndoa kule Japani. Kondo la nyuma ndo linanishangazaga zaidi, protini inayounganisha seli zake inatokana na jeni ya kirusi kilichowaingia mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita!

Sasa viini. Inategemea. Kwenye misuli vinabaki vyote, uzi mmoja unaweza kuwa na mamia. Kwenye TB, seli za kinga zinaungana zinakuwa jitu moja, ukiangalia kwa hadubini unakuta viini vimejipanga pembeni kama mwezi mchanga. Mbegu na yai wao wanachanganya, kromosomu 23 kwa 23.

Tuje kwenye UPT yako, kipimo cha mimba cha duka la dawa pale Ngamiani. Mwaka 1975 wanasayansi Köhler na Milstein, wako Cambridge, walichukua seli ya bandama la panya inayotengeneza kingamwili (protini za kinga zinazonasa kitu kimoja maalumu) lakini haiishi muda mrefu, wakaiunganisha na seli ya kansa ambayo haifi, ikatoka moja inayofanya yote mawili (wakapata Nobel 1984). Wao walitumia kirusi kilichouliwa, baadae watu wakahamia kwenye polietilini glaikoli, inayofyonza yale maji niliyokwambia, na ndo hiyohiyo iko kwenye dawa za choo kigumu. Kingamwili za namna hiyo ndo zinanasa homoni ya mimba kwenye kile kijiti, na kipimo cha haraka cha malaria pia.

Kwenye seli hiyo ya kuunganisha viini vinachanganyika ikigawanyika, ila kromosomu zinakuwa nyingi mno, seli inazidondosha njiani moja moja, na ikidondosha yenye jeni ya kingamwili basi umekula hasara, kwa hiyo ukipata nzuri unaiwahisha kuigandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika kabla haijakusaliti.