Mtaa wetu umeingia kwenye orodha ya urithi. Je, hauwezi tena kubomolewa?

SWALI: Mtaa wetu una nyumba za zaidi ya miaka mia moja, nyingi za ghorofa moja au mbili. Mwaka jana uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, tukafurahi sana. Sasa nyumba ya kona imeuzwa, na mnunuzi anasema ataibomoa ajenge ghorofa kumi. Kuna mshauri anatuambia tusihangaike na jiji. Kila mwenye nyumba alipie cheti cha urithi na kibao cha shaba cha kuweka ukutani, na baada ya hapo hakuna atakayethubutu kuigusa. Tumeshaanza kuchangishana. Je, anasema kweli? Kama sivyo, jiji linaulindaje mtaa mzima?

JIBU: Ndugu msomaji, sitisheni mchango huo. Cheti kisichotolewa na mamlaka yenye uwezo wa kumnyima mtu kibali cha ujenzi ni karatasi tu, hata kikiwa na mihuri mitatu. Nasema kwa ukali kwa sababu swali hili linanijia mara kwa mara, na mara nyingi linakuja wakati fedha zimeshatolewa na miezi imeshapotea, miezi ambayo wakazi wangeitumia kwenye ofisi ya mipango miji.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba orodha inalinda. Orodha nyingi zinatambua tu, hazikatazi. Tazama Marekani, ambako orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria inatokana na sheria ya 1966. Mradi wa serikali kuu, au unaotumia fedha zake au kibali chake, lazima uchunguzwe kwanza kama utaathiri jengo lililo kwenye orodha. Lakini mwenye jengo binafsi anayetumia fedha zake mwenyewe anaweza kulibomoa na orodha hiyo isimzuie. Wakazi wa Miami Beach waliyaona hayo kwa macho yao. Mwaka 1979 eneo lao la majengo ya mtindo wa Art Deco liliingia kwenye orodha ya taifa, baada ya kampeni ndefu ya Barbara Capitman na wenzake. Mwaka 1988 hoteli ya Senator, iliyokuwa ndani ya eneo hilohilo, ilivunjwa huku watu wakipinga. Jina lilikuwa kwenye orodha kwa miaka tisa. Kilichokosekana ni sheria ya jiji yenye uwezo wa kusema hapana.

Hata Orodha ya Urithi wa Dunia haina mkono huo. Adhabu kali kuliko zote ambayo kamati yake inaweza kutoa ni kulifuta jina. Bonde la Elbe mjini Dresden, Ujerumani, lilifutwa 2009 kwa sababu ya daraja jipya, na daraja likajengwa hata hivyo. Liverpool ilifutwa 2021. Ukitaka mfano wa mpangilio sahihi, angalia pwani yetu: mamlaka ya uhifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar iliundwa 1985, miaka kumi na mitano kabla ya mji huo kuingia kwenye orodha ya dunia mwaka 2000. Lamu nayo ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi kwa sheria ya Kenya mwaka 1986, na orodha ya dunia ikaja 2001. Sheria ya nyumbani ilitangulia kote kuwili.

Sasa nije kwenye kanda za mipango miji, maana hapo ndipo nguvu ilipo. Kila kiwanja jijini tayari kimo ndani ya ukanda fulani unaosema kitumike kwa kazi gani, jengo lisizidi kimo gani, na likae umbali gani kutoka barabarani. Huo ndio ukanda wa msingi. Jiji linapotaka kulinda eneo la kihistoria kwa njia hii, linalaza juu yake ukanda wa pili, ukanda wa hifadhi. Masharti ya chini yanabaki, lakini inaongezwa hatua moja: kabla ya kupewa kibali cha kujenga, kubadili sura ya nje au kubomoa, lazima upate idhini ya kamati ya majengo ya kihistoria. Charleston, katika jimbo la South Carolina, ndiyo iliyotangulia kutumia njia hii Marekani, mwaka 1931. Kamati yake mwanzoni ilikagua sura ya nje ya majengo lakini haikuwa na uwezo wa kukataza ubomoaji. Uwezo huo ulikuja miaka mingi baadaye. Kwa hiyo, mkiambiwa jiji lenu lina ukanda wa hifadhi, msishangilie kabla ya kusoma kifungu cha ubomoaji. Je, kamati inaweza kukataa kabisa, au inaweza tu kuchelewesha kwa miezi michache? Mwekezaji mwenye subira hashindwi kungoja miezi michache.

Utaratibu wa kuupata ukanda huo unaanza na uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Kila jengo linapigwa picha, linaandikiwa umri, vifaa lilivyojengwa navyo na mabadiliko yaliyofanywa, kisha linawekwa kwenye daraja: linachangia sura ya kihistoria ya eneo, au halichangii. Wengi wanauona huu kuwa urasimu, nami ningependa wauogope zaidi kidogo. Mwanasheria wa mnunuzi wenu ataanzia kwenye fomu hizo. Ikiwa nyumba ya kona imeandikwa kwamba haichangii kwa sababu tu mtu aliyepita alibadili madirisha yake, itabomolewa kihalali ikiwa katikati ya eneo la hifadhi. Ombeni nakala ya fomu yake mkaisome kabla ya kikao cha wananchi. Baada ya uchunguzi huchorwa mpaka, kikao hutangazwa, na madiwani hupiga kura. Hayo mtaelekezwa ofisini.

Mpaka, hata hivyo, unastahili jicho lenu. Nimeona ramani nyingi ambazo mstari umepita katikati ya barabara kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi kuchora. Matokeo yake ni kwamba upande mmoja wa mtaa unalindwa na unaotazamana nao unaachwa wazi. Nyumba za ghorofa mbili zinabaki zimekodoleana macho na mnara wa vioo, na kivuli cha mnara kinaangukia upande uliolindwa. Mstari mzuri hupita nyuma ya viwanja, ili nyuso zote mbili za barabara ziwe ndani.

Lakini jambo linaloniudhi kuliko yote, hata kuliko vyeti, ni wataalamu wanaochora ukanda wa hifadhi bila kugusa kimo kinachoruhusiwa na ukanda wa msingi. Ghorofa kumi za mnunuzi wenu hazikutoka hewani. Mtu halipi bei ya mnara kwa nyumba ya ghorofa mbili bila kuangalia ramani kwanza, na nadhani ramani inamruhusu. Ikiwa chini imeandikwa kumi na juu imeandikwa hifadhi, kila mwenye nyumba atakuwa amekalia ghorofa nane alizoahidiwa na jiji na kunyimwa na jiji hilohilo. Ataacha paa livuje, asizibe ufa, angoje siku mhandisi atakapoandika kwamba jengo ni hatari. Kwa hiyo ombeni mambo mawili kwa pamoja: ukanda wa hifadhi, na kimo cha msingi kishushwe kilingane na nyumba zilizopo. Kama jiji halitaki kushusha, basi liwaruhusu wenye nyumba kuuza haki ya kujenga wasiyoitumia, ihamie kwenye viwanja vinavyoweza kubeba majengo marefu.

Mtaambiwa kwamba huko ni kunyang'anya watu mali. Hoja hiyo ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Jiji la New York lilipitisha sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965, muda mfupi baada ya kituo kikubwa cha reli cha Penn Station kuanza kuvunjwa 1963. Wenye kituo kingine cha reli cha jiji hilo, Grand Central, walipokataliwa kusimamisha mnara juu yake walishtaki, na mwaka 1978 walishindwa kwa majaji sita dhidi ya watatu. Kituo kiliendelea kuwaingizia kipato kama kilivyokuwa, na haki ya kujenga juu yake wangeweza kuihamishia kwenye viwanja vya karibu. Sheria za nchi nyingine zinaweza kuamua tofauti, lakini hoja ya kipato ni ya kubeba mnapoingia kwenye kikao.

Kuhusu nyumba ya kona, nendeni ofisi ya mipango miji wiki hii mkaulize kama ombi la kibali limeshapokelewa. Mahali pengine ombi lililopokelewa na kukamilika huamuliwa kwa kanuni za siku lilipopokelewa, hata madiwani wakipitisha ukanda mpya wiki inayofuata. Katika barua yenu ya kuomba ukanda, ombeni pia zuio la muda la ubomoaji hadi uchunguzi ukamilike. Barua isiyo na ombi hilo ni tangazo kwa mwekezaji kwamba aharakishe.

Na wengine mnaosoma, tahadharini pia na mshauri atakayewaambia inatosha kubakiza ukuta wa mbele. Ukuta uliosimamishwa na vyuma mbele ya jengo jipya hauna vyumba, ngazi wala ua, na kamati ikishakubali mmoja, wa pili ataleta picha ya ule wa kwanza kama ushahidi. Mtu yeyote anayewauzia ulinzi, mwombeni awaonyeshe kifungu cha sheria, ofisa anayesaini katazo, na adhabu ya anayelivunja. Adhabu isipite bila kusomwa. Faini iliyo ndogo kuliko faida ya ghorofa moja huingizwa kwenye bajeti ya ujenzi kama saruji. Sheria zenye meno humrudisha mtu alikoanzia. Mwaka 2015 wenye jengo waliivunja baa ya Carlton Tavern mjini London bila kibali, wakati ilikuwa ikitarajiwa kupendekezwa siku chache baadaye iingizwe kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Halmashauri iliwaamuru waijenge upya kama ilivyokuwa, kwa vipimo na vifaa vilevile. Walikata rufaa wakashindwa, wakaijenga, na ikafunguliwa tena 2021.