Hesabu video zako kabla hujanunua mashine

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, alinijia na karatasi yenye orodha ya vifaa: prosesa mpya, RAM ya gigabaiti 32, kadi ya grafiki, na boksi kubwa la kuingiza diski nane. Amedunduliza fedha mwaka mzima. Seva yake ya zamani, kompyuta inayohifadhi video na kuzirusha nyumba nzima, inakwama kila watu wawili wanapotazama video kwa wakati mmoja, na amesikia kwamba dawa ni kupanda daraja na kuingia kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Alitaka nimwambie kama orodha imekaa sawa. Nikamuuliza swali moja tu: katika vyote ulivyohifadhi, ni gigabaiti ngapi ambazo zikipotea leo huzipati tena popote duniani? Akanyamaza. Alikuwa hajawahi kupiga hesabu hiyo.

Nakuandikia wewe unayeanza kwa sababu na mimi sikuipiga, na hasara yake bado naibeba.

Seva yangu ya kwanza ilikuwa kompyuta ya mtumba iliyokaa sebuleni kwetu Nyegezi. Ilikuwa na sinema, masomo ya watoto na nyimbo za kwaya. Lakini pia ilikuwa na harusi za familia nilizozitoa kwenye kanda za VHS, na saa nne za mzee wangu akiwa barazani Nansio, kisiwani Ukerewe, anasimulia walivyovua furu na sato wakati wa ujana wake, na alivyoona kwa macho yake miaka ya 1980 sangara wakijaa ziwani mpaka furu wakaanza kuwa adimu. Nilipojifunza mashine pepe nilifurahi kupita kiasi. Nikatengeneza mashine pepe moja, nikaipa diski pepe ya terabaiti tatu, yaani faili moja kubwa linalojifanya diski, na usiku uleule nikaanza kuhamishia kila kitu humo. Nilifanya makosa mawili. Kwanza, nilikata mafaili na kuyabandika, badala ya kuyanakili. Pili, ili kazi iende haraka, nilichagua ule mpangilio wa kashe (kumbukumbu ya muda) usiosubiri diski ithibitishe kwamba imeandika kweli. Saa nane usiku umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Kulipokucha diski pepe ikagoma kufunguka. Kule mafaili yalikotoka yalikuwa yameshafutwa. Baada ya wiki nzima ya kuchokonoa nikaokoa dakika arobaini za sauti ya mzee. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Kwa hiyo anza na daftari. Ukurasa wa kwanza andika visivyopatikana tena: picha na video za familia, rekodi za kwaya yenu, kazi zako mwenyewe, nyaraka. Ukurasa wa pili andika vinavyopatikana tena: sinema unazoweza kuzinunua upya, programu, masomo yaliyopo mtandaoni. Pima ukubwa wa kila ukurasa. Mara nyingi ukurasa wa kwanza ni mdogo kuliko ulivyodhani. Terabaiti sita zote huwezi kuziwekea nakala tatu, lakini gigabaiti mia tano unazimudu. Mambo mengine yote ninayokueleza hapa yanategemea kurasa hizo mbili.

Sasa mashine pepe. Ni kompyuta kamili inayoishi ndani ya kompyuta nyingine, ikigawiwa sehemu ya prosesa, RAM na diski. Programu ninayoitumia kuzisimamia ni Proxmox VE. Imejengwa juu ya Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, hutozwi chochote kuipakua na kuitumia, na inakupa vitu viwili: mashine pepe kamili, na kontena, ambalo ni jepesi zaidi kwa sababu linatumia kiini kilekile cha mfumo mama, yaani ule unaoendesha kompyuta yenyewe. Kwa seva ya video ya nyumbani, kontena moja lenye Jellyfin, programu inayorusha video zako kwenye runinga na simu, linatosha kabisa. Mashine pepe kamili ziache kwa kazi zinazohitaji mfumo wake wenyewe, kama vile Windows ya mtoto anayesoma uhasibu, au uwanja wako wa majaribio.

Faida kubwa ya mpangilio huu ni kwamba unaweza kukosea bila kuangusha nyumba. Kabla ya kusasisha mashine pepe ya majaribio unapiga picha ya hali ilivyo, yaani snepshoti. Ukiharibu unairudisha ndani ya dakika moja, na watoto wanaendelea kutazama. Lakini ielewe vizuri: snepshoti inakaa kwenye diski ileile. Diski ikifa, inakufa nayo. Nimeshakutana na watu wenye snepshoti ishirini na wasio na nakala hata moja.

Na hili ndilo ninalosisitiza kuliko yote: video zisikae ndani ya mashine pepe. Mashine pepe iwe kitu unachoweza kukifuta leo na kukijenga upya kesho bila moyo kwenda mbio. Video zikae kwenye diski zinazosimamiwa na mfumo mama, kama mafaili ya kawaida ndani ya folda za kawaida. Kontena unalifungulia folda hiyo moja kwa moja, tena kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika. Mashine pepe inaisoma kupitia mtandao wa ndani. Siku kompyuta ikiungua unachomoa diski, unaipachika kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye mfumo unaoielewa, na kila faili linaonekana kwa jina lake. Diski pepe ya terabaiti tatu ni faili moja kubwa, na likipata jeraha sehemu mbaya, kila kilichomo kinaweza kukwama kwa pamoja.

Kuhusu kompyuta yenyewe, usiogope mtumba. Vile viboksi vidogo vilivyotolewa maofisini, OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, vinafanya kazi hii vizuri. Tafuta chenye prosesa ya Intel ya kizazi cha saba au zaidi, yenye grafiki ya ndani, kwa sababu kuanzia hapo grafiki hiyo inaweza kufungua na kufunga video za HEVC za biti 10, mtindo mpya wa kubana video, bila kuichosha prosesa. Kabla ya kulipa, ingia kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka, uhakikishe VT-x (inayoiwezesha prosesa kuendesha mashine pepe) na VT-d (inayowezesha kuikabidhi mashine pepe kifaa kama grafiki) zipo na zinaweza kuwashwa. RAM ya gigabaiti 16 inatosha: nne kwa mfumo mama na ZFS (mfumo wa kutunza mafaili kwenye diski), nne kwa Jellyfin, nne kwa mashine pepe ya majaribio, na zinazobaki ziache zipumue. Viini vya prosesa unaweza kuvikopesha zaidi ya vilivyopo, maana si mashine pepe zote zinafanya kazi kwa sekunde moja. RAM haikopeshwi hivyo.

Usidanganyike na seva kubwa za ofisini zinazouzwa kwa bei ya chee. Piga hesabu ya LUKU. Mashine inayokula wati 120 usiku na mchana inamaliza uniti 86 kwa mwezi. Kiboksi chenye diski mbili kinachokula wati 30 kinamaliza uniti 22 hivi. Kama nyumba yenu ipo kwenye daraja la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, seva kubwa peke yake inawatoa humo, hata kabla hamjawasha taa. Mama mwenye nyumba atakuuliza, na atakuwa na haki.

Kukwama kwa video, tatizo lililomleta yule kijana, kwa kawaida hakutokani na udogo wa mashine. Runinga isipoielewa video jinsi ilivyofungwa, seva inalazimika kuigeuza papo hapo wakati mtu anatazama, na hiyo ni kazi nzito. Kwanza angalia runinga na simu za nyumbani zinakubali nini. Video zilizofungwa kwa mtindo wa H.264 karibu kila kifaa kinazicheza bila kugeuzwa, na hapo hata prosesa ya zamani inapumzika. Pale kugeuza kusipoepukika, grafiki ya ndani ndiyo inayofanya kazi, na watu wengi wapya kwenye mashine pepe hujikwaa hapohapo: wanaisimika Jellyfin ndani ya mashine pepe ambayo haiioni grafiki, prosesa inapanda asilimia mia, kisha wanalaumu kompyuta. Ukiikabidhi grafiki kwa mashine pepe moja, kwa kawaida mfumo mama na mashine nyingine haziitumii tena. Kwa kontena unalifungulia tu njia ya /dev/dri, ambayo ndiyo mlango wa grafiki, na makontena mawili matatu yanaigawana. Kijana wa Igoma alikuwa tayari na grafiki nzuri ndani ya kompyuta aliyonayo. Hakuwa ameiwasha.

Mtandao niupitie haraka. Sinema ya kawaida ya 1080p inahitaji megabiti kama nane kwa sekunde, hivyo hata rauta yenye matundu ya megabiti 100 inabeba watazamaji kadhaa kwa waya. Kunakili ndiko kunakoumiza. Terabaiti tatu kupitia swichi ya mtandao ya gigabiti moja zinachukua takribani saa nane, na kupitia tundu la megabiti 100 zinachukua siku tatu na zaidi. Nunua swichi ya gigabiti kabla ya siku ya kuhama.

Umeme usiupitie haraka. Stabilaiza peke yake haikusaidii umeme ukikatika. Unahitaji UPS, yaani betri ya akiba, yenye waya wa USB unaoingia kwenye seva, na programu ya NUT inayosikiliza betri na kuzima mashine pepe kwanza, halafu mfumo mama, kabla chaji haijaisha. Ijaribu kwa kuchomoa plagi ukutani mchana, ukiwa umesimama hapo, na urudie kila baada ya miezi michache, kwa sababu betri hizi huchoka bila kukuaga. Kwenye BIOS, usiiache seva ijiwashe yenyewe sekunde umeme unaporudi. Umeme wetu ukirudi mara nyingi hucheza kwanza, na kuwaka na kuzimika mara tatu ndani ya dakika mbili kunaua diski kuliko giza la saa sita. Mimi huiwasha kwa mkono, baada ya robo saa.

Halafu radi. Tunaishi kando ya ziwa ambalo ngurumo zake hazina masihara, masika na vuli zote, na nyingi zinapiga usiku ziwani sisi tukiwa tumelala. Radi haiingii kwa waya wa umeme tu. Inaingia kwa waya wa antena na kwa waya wa netiweki uliopita nje ya nyumba. Nyumba zetu nyingi zimejengwa juu ya mawe, mahali ambapo kuchimba ethi ya maana, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, ni kazi, kwa hiyo usikubali fundi akuambie ipo bila kukupimia. Ukisikia ziwa linanguruma, chomoa.

Na wadudu wa ziwani. Wale wanaokuja kama wingu wanafuata mwanga. Ukiweka seva chini ya dirisha linalotazama ziwa, taa ikiwaka usiku, asubuhi unazoa kwa ufagio, na feni imeshavuta sehemu yake. Iweke chumba cha ndani, mbali na jiko, na uipulize vumbi kila mwezi.

Diski za ukurasa wa kwanza ziwe mbili zinazoakisiana kwa ZFS. ZFS inaweka alama ya uhakiki kwa kila kipande, na ikikuta upande mmoja umeoza inaurekebisha kutoka upande wa pili. Agiza ukaguzi kamili kila mwezi. Kaa mbali na diski za aina ya SMR, ambazo mistari yake ya kuandikia inapandiana, kwa kazi hii. Ni za bei nafuu lakini zinasuasua vibaya unapojenga upya upande uliokufa. Diski ya mtumba isome kwa smartctl, programu inayoonyesha afya ya diski, kabla ya kulipa: ikiwa na sekta zilizohamishwa (vipande vilivyoharibika vikabadilishwa), hata mbili, irudishe mezani. Kuakisi hakukulindi dhidi ya mwizi, moto, au mkono wako mwenyewe ukifuta. Nakala ya tatu iwe nyumba nyingine. Yangu iko Nansio kwa kaka. Kila baada ya miezi mitatu diski moja inapanda meli na nyingine inarudi, na kabla sijaiandika tarehe nafungua video tano humo, nazichagua ovyo, na kuzitazama.

Siku ya kuhama, mashine ya zamani isiguswe. Nakili, usikate. Tumia rsync, programu ya kunakili mafaili, kisha iendeshe mara ya pili kwa kulinganisha maudhui yenyewe badala ya ukubwa na tarehe. Anza asubuhi. Ukimaliza, izime ya zamani, iweke kabatini ikiwa na kila kitu, na uache mwezi mzima upite kabla hujaifuta.

Kijana wa Igoma alirudi Jumamosi na daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na gigabaiti 410, nyingi ni za bibi yake na za kwaya ya mtaa. Ile orodha ya vifaa alikuwa ameikata karibu yote. Amenunua diski mbili na UPS, ameiwasha grafiki aliyokuwa nayo, na video zimeacha kukwama. Nakala ya tatu anatafuta wa kumwekea, ana shangazi Sengerema.