Kwa mnaoanza kitengo cha rangi kiwandani: enzaimu ina masharti yake

Vijana mnaoripoti kitengo cha rangi, kuna jambo mimi nililijua baada ya kuharibu mzigo mzima, nyie lijueni mapema. Enzaimu, yaani protini inayoharakisha kazi ya kuvunja vitu, sio kama kostiki soda, ukiiunguza imekufa na iliyokufa hata umimine dumu zima haifanyi kitu.

Mi nilikosea kwenye kataleizi, enzaimu ya kuondoa peroksaidi, ile dawa ya kupaushia. Pamba ikishapaushwa kwa peroksaidi maji yanakuwa karibu nyuzi joto 95 na pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ndo katikati) imepanda juu ya 10, halafu hapohapo unataka kuingiza rangi za riaktivu, zile zinazojifunga kwenye pamba yenyewe, na peroksaidi ikibaki inaila rangi. Zamani ilibidi kusuuza na kusuuza, kataleizi ndo inatuokolea maji yote hayo, inaivunja peroksaidi inabaki maji na oksijeni basi. Sasa usiku ule nina haraka, nikaimwaga kataleizi maji yakiwa bado nyuzi 80 na pH sijaigusa. Asubuhi bluu imetoka mabaka mabaka, roho iliniuma sana. Nilitakiwa nipoze mpaka nyuzi 50 hivi, niweke asidi ya siki pH ishuke kwenye 7, nisubiri kama robo saa, halafu nichovye kile kikaratasi cha kupimia peroksaidi. Kikaratasi hicho usikiruke hata kama supavaiza amekusimamia kichwani.

Amilezi, enzaimu nyingine, haina makuu, inatoa ule wanga unaopakwa kwenye mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) ili nyuzi zisikatike wakati wa kufuma. Dondosha iodini kwenye kitambaa, ikigeuka bluu nyeusi wanga bado upo, rudia.

Ila selulezi, enzaimu ya kupausha jinzi, iogopeni. Inakula selulosi, na pamba yenyewe ndo selulosi, ndo maana jinzi linapauka vizuri bila mawe mengi ya kulisugua, lakini usipoiua inaendelea kula tu hata mzigo ukishatoka kwenye mashine. Muda ukiisha pandisha joto mpaka nyuzi 80 au weka magadi soda pH ifike 10, kaa dakika 10, ndo usuuze. Nimeshashika mguu wa suruali ukachanika kwa vidole, mtu alisahau hatua hiyo moja.

Na vifua vyenu jamani. Vumbi la enzaimu ya unga, hata iliyomwagika ikakauka sakafuni, ukilivuta mara kwa mara unaweza kupata pumu. Futeni kwa maji, msifagie, msipulize kwa hewa ya kompresa, na barakoa ivaliwe puani sio kidevuni.