Barua kwa mwanangu: Baldwin hakuwa na wazimu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tanga. Huku sote wazima, shangazi yako anakusalimu na anauliza lini likizo.

Picha ya ile sanamu nimeipata, wale wanaume wawili wanaozungumza pale kwenye viwanja vya Bunge huko Ottawa. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeniandikia kwamba mzee aliyewatembeza aliwaeleza kuwa mmoja wao, Robert Baldwin, aliacha wasia maiti yake ipasuliwe tumbo, na kweli ikapasuliwa. Ukaniuliza: “Baba, wewe ulifundisha historia miaka yote hiyo. Huyu mtu alikuwa na akili timamu? Na kama alikuwa na huzuni kiasi hicho, nchi aliiongozaje?”

Nilishika simu nikupigie, nikaiweka. Haya si ya kusemwa mtandao ukikatika katikati. Kaa nikuandikie.

Baldwin alizaliwa mwaka 1804 katika mji ulioitwa York, ndio Toronto ya leo. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, daktari na mwanasheria kwa pamoja, na kijana akafuata sheria. Akampenda binti wa ndugu zao, Eliza Sullivan. Wazee hawakuridhika, wakampeleka binti New York ili wapoe. Hawakupoa. Wakaoana mwaka 1827.

Watoto watatu walizaliwa salama. Wa nne, mwaka 1834, alitolewa kwa kumpasua mama. Hebu fikiri, mwanangu: nusukaputi ilikuwa bado zaidi ya miaka kumi kuanza kutumika hospitalini. Eliza alipasuliwa macho yakiwa wazi, na akapona kidonda bila kupona mwili. Alidhoofika hivyo hivyo hadi tarehe 11 Januari 1836, akafariki. Baldwin alikuwa na umri wa miaka 31, na watoto wanne.

Sasa itazame tarehe hiyo, kwa sababu jibu la swali lako limekaa hapo. Mwezi uliofuata tu, Februari 1836, gavana mpya wa koloni lao la Kanada ya Juu, Francis Bond Head, alimwita aingie katika baraza lake. Gavana siku zile aliletwa kutoka Uingereza, akachagua washauri awatakao, akawasikiliza akipenda. Bunge lilikuwepo, lilichaguliwa na wananchi, lakini halikuwa na nguvu ya kumwondoa mshauri hata mmoja. Baldwin akaingia. Hazikupita wiki nne, yeye na baraza zima wakajiuzulu, maana gavana alikuwa akiamua mambo peke yake huku wao wakibeba lawama.

Mfiwa huyu kisha akapanda meli kwenda London. Waziri wa makoloni, Lord Glenelg, alikataa hata kuonana naye. Angeweza kurudi nyumbani akiwa na hasira zake. Alikaa akamwandikia barua ndefu, ya Julai 1836, akaeleza jambo ambalo leo linaonekana dogo: gavana achague mawaziri wake kutoka miongoni mwa wale wanaoaminiwa na walio wengi bungeni, na bunge likiacha kuwaamini waondoke. Basi. Hakutaka vita wala kuvunja uhusiano na Malkia au Mfalme. Hicho ndicho sisi tulikiita serikali ya madaraka. Mwalimu Nyerere alipokuwa Waziri Kiongozi wa Tanganyika mwaka 1960, alipita katika mlango uleule. Nilipokuwa nikifundisha kidato cha nne nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba mlango huo una historia, haukufunguka wenyewe.

Mwaka 1837 wengine walichoka kungoja. William Lyon Mackenzie akakusanya wakulima wenye bunduki na mikuki nje ya Toronto. Gavana yuleyule Head, aliyemdharau Baldwin, sasa akamtafuta: akamtuma yeye na John Rolph wapande farasi, wabebe bendera nyeupe, waende kuzungumza na waasi. Wakaenda. Waasi wakataka ahadi ya gavana kwa maandishi, nao waliporudi mjini kuiomba, gavana akawa amebadili nia. Baldwin akalazimika kurudi tena kwa farasi kuwaambia watu wenye silaha kwamba hakuna ahadi. Kila ninapofika hapo huwa nasimama kidogo. Angeweza kwenda nyumbani kwake akafunga mlango.

Uasi ulizimwa, wengine wakanyongwa. Uingereza ikaziunganisha Kanada ya Juu, iliyokuwa ya Kiingereza, na Kanada ya Chini, iliyokuwa na Wafaransa wengi, kuanzia Februari 1841. Nia haikufichwa: Wafaransa wamezwe. Kila upande ulipewa wabunge 42, ingawa Kanada ya Chini ilikuwa na watu wengi zaidi, na kumbukumbu za bunge zikatakiwa ziandikwe kwa Kiingereza peke yake.

Hapa ndipo anapoingia yule wa pili katika picha yako, Louis-Hippolyte LaFontaine, mwanasheria wa Montreal. Uchaguzi wa 1841 aligombea Terrebonne. Enzi hizo mtu alipiga kura kwa mdomo, mbele ya kila mtu. Wapinzani wake wakaleta genge lenye marungu likaziba njia ya kituo. LaFontaine alitazama wafuasi wake, akaona wakisonga mbele damu itamwagika, akajitoa. Hivyo kiongozi wa Wafaransa akabaki bila kiti.

Baldwin alikuwa amechaguliwa majimbo mawili, jambo lililoruhusiwa. Ilimpasa aache moja. Akaliacha jimbo la nne la York, akawaomba wapiga kura wake, wakulima wa Kiingereza, wengi Waprotestanti, wamchague LaFontaine, Mkatoliki Mfaransa wasiyemjua. Na wakamchagua, Septemba 1841! Mwanangu, miaka minne tu ilikuwa imepita tangu bunduki. Mimi sijui kura nzuri kuliko hiyo katika historia yote ya Kanada.

Mwaka uliofuata gavana Charles Bagot aliona hawezi kuongoza bila Wafaransa, akamwita LaFontaine serikalini. LaFontaine akasema haingii bila Baldwin. Mwezi huohuo wa Septemba, bungeni Kingston, alisimama akaanza kuhutubia kwa Kifaransa. Akakatizwa, akaambiwa aseme Kiingereza. Alijibu kwamba hata kama angekijua Kiingereza sawasawa na lugha ya mama yake, hotuba yake ya kwanza angeitoa kwa lugha ya mama yake. Nyinyi mnaoambiwa huko ugenini kwamba Kiswahili ni cha kuzungumzia jikoni, lishikeni hilo.

Deni lile lililipwa upesi. Siku zile mbunge akipewa uwaziri ilimbidi arudi kwa wapiga kura wathibitishe, na Baldwin akaangushwa Hastings, jimbo alilokuwa amebaki nalo. Januari 1843, Rimouski, huko chini kwenye mto St. Lawrence, watu wa Kifaransa wakampa kiti mtu asiyeweza hata kuwahutubia kwa lugha yao. Yeye mwenyewe aliona aibu ya ulimi wake. Watoto wake aliwapeleka kusoma Quebec, wakijue Kifaransa ambacho baba yao alikikosa. Hawa ni watoto wasio na mama, aliowapenda sana, na aliwapeleka mbali. Unajua ninavyolijua hilo, nilipokusindikiza uwanja wa ndege.

Bagot akaugua akafa. Gavana aliyemfuata, Metcalfe, akaanza tena kugawa vyeo bila kuwauliza mawaziri, nao Novemba 1843 wakajiuzulu wote isipokuwa mmoja. Ikawa miaka minne ya kukaa upande wa upinzani. Hiyo miaka haina mengi ya kusimulia, ila kwamba hawakuachana. Kila mmoja alishawishiwa amwache mwenzake apate cheo, na hakuna aliyekubali.

Mwaka 1848 wakashinda pande zote mbili. Gavana wa wakati huo, Lord Elgin, akafanya kile Baldwin alichokiomba katika barua ya 1836: akawaita walioshinda, akawaachia kazi. Januari iliyofuata Elgin alisoma hotuba ya kufungua bunge kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Serikali yao ilikitoa chuo kikuu cha Toronto mikononi mwa Kanisa la Kianglikana, na ikaweka halmashauri za kuchaguliwa za miji na wilaya kwa sheria ambayo hadi leo huitwa kwa jina la Baldwin.

Mtihani wenyewe ulikuja tarehe 25 Aprili 1849. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwalipa fidia watu wa Kanada ya Chini waliochomewa na kuharibiwa mali wakati wa uasi. Wapinzani wakapiga kelele kuwa ni kuwalipa wasaliti. Elgin mwenyewe alikuwa na wasiwasi, lakini bunge limeamua, akatia sahihi. Alipotoka, gari lake la farasi likatupiwa mayai. Usiku umati ukavamia bunge huko Montreal, jengo lililokuwa zamani soko la St. Anne, wabunge wakiwa ndani wanajadili, ukavunja vioo, ukalitia moto. Likateketea pamoja na maktaba yake, maelfu ya vitabu. Nyumba ya LaFontaine nayo ikashambuliwa. Hata hivyo sheria ilibaki sheria, na serikali haikuujibu umati kwa risasi. Montreal haikuwa tena makao makuu tangu mwaka huo.

Sitakuficha doa. Mwaka huohuo wa 1849 bunge lao lilipitisha sheria iliyosema wazi kwamba mwanamke hana kura. Kabla ya hapo, Kanada ya Chini, wanawake wenye mali walikuwa wamepiga kura, miongo kadhaa. Watu waliopigania haki ya kuwakilishwa waliifunga kwa mkono wao wenyewe mbele ya nusu ya watu. Ninakupa wewe, binti yangu, uliweke upande wa pili wa mizani, na sitakuambia lina uzito gani.

Umeuliza aliongozaje nchi na huzuni ile. Aliongoza kwa shida. Kulikuwa na siku alizamishwa na majonzi hata kazi ikamshinda. Barua za Eliza alizitunza na kuzisoma, na siku ya kifo chake aliiadhimisha kila mwaka. Juni 1851 Mackenzie, aliyekwisha kurudi kutoka uhamishoni, alileta hoja ya kuiua mahakama moja ambayo Baldwin aliitengeneza upya. Hoja ilishindwa bungeni, kwa kura za Wafaransa. Lakini wengi wa wabunge wa upande wake, Kanada ya Juu, waliiunga mkono. Kwa hesabu hakuwa ameshindwa. Yeye aliona hawezi kuwa waziri kwa watu wasiomtaka tena, akajiuzulu, akiwa na miaka 47. Hiyo ndiyo kanuni aliyoiandika London miaka kumi na mitano nyuma, na sasa ilimfikia yeye mwenyewe. LaFontaine naye akaacha siasa mwaka uleule, baadaye akawa Jaji Mkuu wa Kanada ya Chini.

Baldwin alifariki tarehe 9 Desemba 1858. Alikuwa ameandika maagizo: azikwe na barua za mke wake kifuani, majeneza yao yafungwe pamoja kwa mnyororo, na tumbo lake likatwe kama lilivyokatwa la Eliza. Walimzika bila kutimiza hilo la mwisho. Mwezi mmoja baadaye mwanawe Willcocks akakuta katika mfuko wa koti la baba yake karatasi ya kumsihi yeyote atakayeiona asiache kulitimiza. Kijana akamchukua daktari, wakaenda kwenye kaburi la familia katika baridi ya Januari, wakafungua jeneza, wakafanya.

Sisi dini yetu hairuhusu, maiti huheshimiwa kama aliye hai, na mimi siwezi kukuambia ni sawa. Ila wazimu, hapana. Mtu huyu alikuwa anabeba ahadi zake mpaka mwisho wa njia, aliyomwahidi LaFontaine, aliyowaahidi wapiga kura, na hii. Mke wake aliumia akizaa mtoto wao, naye akabaki mzima miaka ishirini na miwili. Alitaka walau alama ile wawe nayo wote wawili.

Utakumbuka ulipokuja mara ya mwisho ulisafisha chumba changu, ukatoa kanga za marehemu mama yako ukitaka kuwapa majirani, nami nikakukaripia mbele ya watu. Nilikosea, na hadi leo sijakuomba radhi. Nakuomba sasa. Ile doti ya mwisho aliyojifunga wodini bado iko ndani ya sanduku, haijafuliwa. Sisi hatuzikwi na kitu ila sanda, kwa hiyo siwezi kwenda nayo. Nimeikata katikati. Kipande kimoja nitampa mtoto wa shangazi yako anayesafiri Novemba akuletee. Kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Tafadhali usikifue.

Baba yako